Mume wangu anatetemeka, lakini hofu ndiyo inayotumaliza

Mpendwa Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, wote wakubwa sasa, na ninaishi Moshi pamoja na mume wangu ambaye mwaka huu ametimiza miaka 66. Ninakuandikia kwa sababu nimefika mahali ambapo kila ninayemwomba ushauri ananipa amri, na kila amri inapingana na nyingine.

Mume wangu alikuwa mhasibu wa shule ya sekondari, mtu wa hesabu na utaratibu. Alipostaafu aliombwa awe mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo cha mtaani kwetu, na mimi ndiye niliyemhimiza akubali, kwa sababu niliona kukaa bure nyumbani kungemchosha. Haukupita muda mrefu fedha zikapotea, naye akawa miongoni mwa walioitwa kuhojiwa. Baadaye ilithibitika kwamba hakuhusika hata kidogo, lakini tangu wakati ule alibadilika. Usiku alikuwa akiamka moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anakwenda kukagua komeo la mlango, anarudi kitandani, na baada ya muda anakwenda kulikagua tena. Tulikwenda hospitali wakampima moyo, wakasema hauna tatizo lolote, apunguze mawazo.

Ilipita kama miaka mitatu ndipo mkono ukaanza. Kwanza ulikuwa mwandiko, ule mwandiko wake ambao walimu walikuwa wakiusifu: mstari unaanza na tarakimu za kawaida, lakini ukifika mwisho zimebanana na kuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kutofautisha sita na nane. Kisha kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vikawa vinasuguana vyenyewe akiwa amekaa, kama mtu anayehesabu noti. Harufu alikuwa ameshaacha kuisikia; siku moja maziwa yaliungua jikoni naye amekaa kando ya jiko asijue. Daktari bingwa alituambia kwamba ni ugonjwa wa Parkinson, akamwanzishia vidonge vyenye levodopa na kabidopa, mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni. Dawa inamsaidia. Anatembea, anafunga vifungo vya shati mwenyewe, na asubuhi utamkuta akipalilia migomba yake.

Kinachotushinda ni hofu. Mimi nina duka la vitenge karibu na soko la Mbuyuni. Asubuhi ninamwacha vizuri, tumekunywa chai, tumezungumza. Ikifika saa tano na nusu, saa sita kasoro, simu zinaanza: uko wapi, rudi, nahisi ninakufa. Nikifika ninamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili, pumzi inampaa, na mwili mzima unatetemeka kuliko kawaida. Ninampa chakula cha mchana, mara nyingi ni maharage na ugali au makande, anameza dawa yake pamoja na chakula, na polepole anatulia, mpaka anaona aibu na kuniomba radhi. Jioni, kabla ya kiza kuingia, hali ile hurudi, ingawa si kila siku.

Wifi yangu amesema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemwingiza ndugu yao katika fedha za watu, kwa hiyo ugonjwa huu nimeuleta mimi. Shemeji anataka nifunge duka, kwa sababu mke hawezi kuwa sokoni wakati mumewe yuko katika hali hiyo, ingawa anajua kwamba duka hilo ndilo linalonunua dawa. Yeye huyo alimletea vidonge vya usingizi kutoka duka la dawa. Mzee alivimeza, akalala kweli, lakini alipoamka usiku kwenda msalani akaanguka na kuumia nyonga, na mimi nikavificha vidonge vilivyobaki. Binti yetu wa mwisho anaona baba yake anadeka. Kijana wetu aliyeko Dar es Salaam amesoma kwamba mtu mwenye wasiwasi ana uwezekano maradufu wa kupata Parkinson, na kwa kuwa yeye ni mwenye wasiwasi tangu utoto, sasa kila akiamka anaitazama mikono yake.

Mume wangu ni mzee wa kanisa. Ameacha kusoma matangazo usharikani, kwa sababu watu wakimwangalia karatasi inatikisika mkononi. Mzee mwenzake alimwambia, kwa nia njema, kwamba mwenye imani haogopi, na tangu siku hiyo hazungumzi tena kuhusu hofu yake na mtu yeyote isipokuwa mimi. Amenikataza kabisa kumwambia daktari, kwa madai kwamba wataandika kwenye faili kuwa amerukwa na akili na habari zitafika mtaani. Kliniki yetu ni mwezi ujao.

Naomba unisaidie kufikiri. Je, ni kweli kwamba wasiwasi ule wa fedha ndio uliomletea ugonjwa? Je, nifunge duka nikae naye? Na je, nivunje siri yake kwa daktari, au nimheshimu ninyamaze?

Mama wa Watatu,
Moshi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Watatu, pole sana, na umpe pole mzee. Pole pia kwa maneno ya wifi yako, maana kuambiwa mbele ya watu kwamba umemletea mumeo maradhi ni jeraha ambalo halitibiwi kwa kukanusha tu. Nimeisoma barua yako kwa utulivu, nikarudi kuisoma, na nikaona kwamba umeuliza maswali matatu ambayo yote yamesimama juu ya wazo moja: kwamba ugonjwa wa mume wako ni kitu kimoja na hofu yake ni kitu kingine, na kwamba hofu hiyo lazima iwe na mwenyewe wa kulaumiwa, awe ni wewe, au ni yeye, au ni upungufu wa imani. Kila aliyekushauri amelichukua wazo hilo kama lilivyo, kisha akachagua wa kumlaumu. Ninaomba tulichunguze kwanza, kwa sababu likibadilika, maswali yako nayo yatabadilika sura.

Mimi ni mshauri wa familia, si daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu dawa ni ya kupeleka kliniki, si ya kutekeleza nyumbani. Lakini kuna jambo umeliandika mwenyewe ambalo sina uhakika kama umeliona. Dozi ya kwanza ni saa moja asubuhi na ya pili ni saa saba mchana. Simu zinaanza saa tano na nusu. Dozi ya tatu ni saa moja jioni, na hofu inarudi kabla ya kiza kuingia. Baada ya dawa, polepole, anatulia. Hofu ya mume wako, mama, inafuata saa.

Katika ugonjwa wa Parkinson, chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo, na levodopa ni dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini ili kuziba pengo hilo. Miaka ya mwanzo dozi moja humfikisha mgonjwa hadi dozi inayofuata bila shida, lakini kadiri ugonjwa unavyoendelea, muda ambao dozi moja inafanya kazi hupungua, na mgonjwa hubaki na saa moja au zaidi ambamo dawa imeshaisha mwilini naye hajafikia dozi nyingine. Wengi wetu hudhani kwamba dawa ikiisha kitakachoonekana ni mkono kutetemeka au miguu kuwa mizito. Kumbe wapo wagonjwa ambao kwao kinachotangulia ni hofu: kifua kubana, pumzi kupaa, jasho, na hakika ya ghafla kwamba wanakufa. Kisha hofu hiyo nayo huongeza mtetemeko. Madaktari hulijua hilo vizuri, na mmojawapo akitaka kuuona mtetemeko uliojificha humwambia mgonjwa ahesabu kinyumenyume kutoka 100 kwa kutoa 7 kila mara, na kule kukaza akili peke yake kunatosha kuufanya mkono utikisike. Karatasi ya matangazo inayotikisika mbele ya usharika ni jambo hilo hilo. Ongezeko hilo hupita pale hofu inapopita, na halina maana kwamba mtu anajiharibu ubongo kwa kuogopa.

Sisemi kwamba nimeshajua chanzo cha kila simu ya saa tano. Inawezekana kabisa kwamba saa hiyo ndiyo ambayo nyumba imekuwa kimya muda mrefu, wewe uko mbali, na mawazo ya zamani yanapata nafasi. Au mambo yote mawili yanakutana. Ndiyo maana ningependa uanze kuandika, au bora zaidi aandike yeye mwenyewe ambaye maisha yake yote yalikuwa daftari: saa aliyomeza dawa, saa aliyokula na alichokula, saa hofu ilipoanza, mkono na miguu vilikuwaje wakati huo, na saa alipotulia. Kama mwandiko mdogo unamwudhi, awe anasema nawe unaandika. Ukurasa wa namna hiyo, ukiwa wa majuma mawili tu, humwambia daktari mambo ambayo katika dakika chache za kliniki yasingesemwa, na unaweza kumfanya abadilishe muda wa dozi, au kiasi chake, au aongeze dawa nyingine. Aidha, muulizeni kuhusu kumeza dawa pamoja na maharage. Chakula chenye protini nyingi hushindana na levodopa katika kufyonzwa utumboni na kuingia kwenye ubongo, na madaktari wengi huelekeza imezwe nusu saa hivi kabla ya kula, au saa moja hivi baada ya kula. Wapo wanaopata kichefuchefu wakiimeza tumbo likiwa tupu, kwa hiyo msibadilishe bila maelekezo. Na kwa hali yoyote ile dawa hii isikatishwe ghafla, hata kama mtu atawaambia kwamba ndiyo inayoleta hofu, kwa sababu kuikatisha ghafla ni hatari kwa maisha.

Sasa nije kwenye lile linalokuuma zaidi. Unauliza kama wasiwasi wa fedha ndio uliomletea ugonjwa. Hakuna ushahidi kwamba msongo wa mawazo peke yake huleta Parkinson. Yanayojulikana kuongeza uwezekano wake ni umri, kurithi kwa baadhi ya watu, na kukaa muda mrefu na baadhi ya sumu za kuulia wadudu na magugu mashambani, na hata hayo kwa mgonjwa mmoja mmoja mara nyingi hayatoi jibu. Ila nadhani mpangilio wa matukio ndio unaokutesa: hofu ilikuja kwanza, mkono ukafuata, na akili ya binadamu hupenda kuamini kwamba kilichotangulia ndicho kilicholeta cha pili.

Lakini ugonjwa huu hauanzi siku mkono unapotetemeka. Mwaka 2003 mwanasayansi Mjerumani Heiko Braak na wenzake walieleza kwamba kwa wagonjwa wengi madhara huanzia sehemu za chini za shina la ubongo na sehemu zinazohusika na harufu, na baadaye ndipo hupanda hadi kwenye chembe za dopamini zinazoongoza mwendo. Katika njia hiyo ya chini mna vituo vinavyotengeneza serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo ambazo kazi yake mojawapo ni kuuweka moyo wa mtu katika utulivu. Ndiyo maana mtu huweza kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo, kurusharusha mikono na miguu usingizini au kuingiwa na wasiwasi asioweza kuueleza, miaka kadhaa kabla ya mkono wake kutetemeka. Maziwa yaliyoungua naye asisikie yamo katika safu hiyo, na yumkini komeo la mlango nalo limo. Ninasema yumkini, kwa sababu mtu mwaminifu anayeitwa kuhojiwa kuhusu fedha za wenzake ana haki ya kukosa usingizi hata akiwa na ubongo mzima kabisa. Ninachokuomba ukizingatie ni kwamba siku ulipomhimiza akubali kazi ile, huenda ugonjwa ulikuwa umeshaingia bila yeyote kujua, na kwamba hata ungemnyamazia, mkono ungeweza kufika hapa ulipo.

Mwambie na kijana wako, kwa upole, kwamba alichokisoma ni kweli lakini hakikuelezwa chote. Mwaka 2024 watafiti wa University College London nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kufuatilia kumbukumbu za watu 109,435 waliopata tatizo la wasiwasi kwa mara ya kwanza baada ya kufikisha miaka 50. Walipolinganishwa na wenzao wasio na wasiwasi, uwezekano wao wa kupata Parkinson ulikuwa angalau maradufu. Hata hivyo waliougua kati yao walikuwa 331, yaani watu 3 hivi katika kila 1,000. Wengine wote, zaidi ya 109,000, hawakuupata katika muda wa utafiti. Tena utafiti ule uliwahusu watu ambao wasiwasi uliwajia ukubwani bila kuwahi kuwa nao, si kijana aliyekuwa na wasiwasi tangu utoto. Kama wasiwasi wake unamnyima usingizi, anastahili kuonana na mshauri au daktari kwa ajili ya wasiwasi huo wenyewe, wala asisubiri mkono utetemeke ndipo aone kwamba ana haki ya kusaidiwa.

Kuhusu siri ya mume wako, ninaona pande mbili ambazo zote zina uzito. Ukimwambia daktari nyuma ya mgongo wake, huenda matibabu yakaboreka, lakini utakuwa umempokonya mtu wa pekee anayemwamini katika jambo hili, na mtu mwenye hofu akipoteza msiri wake hujifungia zaidi. Ukinyamaza, utakuwa umelinda heshima yake kwa gharama ya kumwacha daktari akitibu nusu ya ugonjwa. Kabla ya kuchagua kati ya hayo mawili, ningependa ujiulize kwanza anaogopa nini hasa. Anaogopa kuitwa mwendawazimu. Je, amewahi kuambiwa na mtu yeyote mwenye utaalamu kwamba hofu ni sehemu ya Parkinson kama ulivyo mtetemeko, na kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wa Parkinson wana tatizo la wasiwasi linalohitaji matibabu? Ninadhani hajaambiwa, na kosa si lake. Daktari James Parkinson wa London alipouandika ugonjwa huu mwaka 1817 alisema kwamba akili na hisi za mgonjwa hubaki salama, na kwa miaka mingi baada yake macho ya matabibu yalibaki kwenye mikono na miguu, huku wagonjwa wakiogopa kimyakimya.

Kwa hiyo kuna njia ya tatu ya kuifikiria, nayo ni kuzungumza naye kabla ya kliniki, asubuhi baada ya chai dawa ikiwa imeshamkolea, wala si saa ile ameshika godoro. Unaweza kumwambia kwamba umegundua zile saa zake mbaya zinakuja kabla ya dozi, na kwamba ungependa daktari aone daftari la saa. Hapo hujataja wazimu wala hofu. Umetaja dawa inayoisha mapema, ambalo ndilo jambo daktari anaweza kulishughulikia. Akikubali, mwachie aseme mwenyewe, nawe uongezee tu pale atakapokuomba. Akikataa, bado unaweza kumwuliza ni kipi yuko tayari kisemwe na kipi kisisemwe, maana mara nyingi mtu anayekataa jambo zima hukubali nusu yake. Akiwa na shaka kuhusu habari kufika mtaani, muulizeni daktari waziwazi, mkiwa mmeketi mbele yake, nani anaruhusiwa kulisoma faili. Lakini ipo hali moja ambayo sitakuambia uheshimu siri: akianza kusema kwamba ni afadhali afe, au kwamba ninyi mngepumzika asingekuwepo, hapo usingoje kliniki wala ruhusa yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wasiwasi na sonona mara nyingi hutembea pamoja katika ugonjwa huu.

Huyo mzee mwenzake wa kanisa sina shaka kwamba alikusudia mema. Lakini hofu inayokuja saa tano na nusu na kuondoka baada ya kidonge haipimi imani ya mtu. Kama mchungaji wenu ni msikivu, na mume wako akiridhia, pengine yeye anaweza kumpa nafasi ya kuhudumu ambayo haimweki mbele ya macho ya watu wote, ili asiukose usharika katika wakati anaouhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Kujitenga huilisha hofu. Kule Hai, jirani zenu, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071 na kuwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Ninawafikiria hao waliokaa miaka majumbani, bila jina la ugonjwa wao wala kidonge kimoja, na ninaamini kwamba mume wako, akipata nguvu, anaweza kuwa msaada kwa mwingine kama yeye.

Vidonge vya usingizi umefanya vizuri kuviweka mbali, na naomba mviseme kliniki pamoja na kule kuanguka, mkitaja jina lililoandikwa kwenye pakiti. Dawa nyingi za kutuliza na kulaza humfanya mgonjwa wa Parkinson apepesuke na kuchanganyikiwa, hasa usiku, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huu ni msiba mwingine. Zipo dawa za wasiwasi na sonona ambazo madaktari huwapa wagonjwa wa Parkinson, lakini huchaguliwa kwa kuangalia anazozitumia tayari, kwa sababu nyingine hazipatani. Zipo pia dawa ambazo huzuia dopamini na zinaweza kumrudisha nyuma vibaya, kama haloperidoli, ambayo hutumika kwa magonjwa ya akili, na metoklopramidi, ambayo hutolewa sana kwa kichefuchefu. Yeyote atakayemwandikia dawa, hata kwa malaria au tumbo, aambiwe kwanza kwamba huyu ni mgonjwa wa Parkinson. Mwombe shemeji, bila ugomvi, kwamba akitaka kusaidia agharimie nauli ya kliniki badala ya vidonge. Na si kila moyo unaokwenda mbio ni wasiwasi: shinikizo la damu linaloshuka akisimama, sukari, tezi ya shingo na moyo wenyewe vyote huweza kuleta hali inayofanana na hiyo. Vipimo vya miaka ile vimeshapitwa na wakati, na maumivu mapya ya kifua yasipewe jina la hofu kabla hajapimwa.

Mbali na dawa, mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia yanayomfundisha mtu kuitambua hofu na kuijibu yameonekana kuwasaidia wagonjwa wa Parkinson, na mazoezi ya kila siku ya viungo husaidia mwili na moyo kwa pamoja. Migomba yake ni hazina. Kama hofu inaanza saa tano na nusu, huenda kumwekea kazi ya kutembea na jirani saa tano kukamfaa kuliko kuketi akiisubiri. Binti yako anayeona kwamba baba yake anadeka anaweza kupewa zamu hiyo siku moja tu katika wiki, aone mwenyewe jinsi mtu aliyekuwa akipalilia anavyobadilika.

Limebaki duka, na hili sitakuamulia. Shemeji yako amelieleza kama jambo la heshima ya mke, lakini mimi ninaliona kuwa na sura zaidi ya moja. Ukilifunga, mume wako atapata uso anaouamini saa ile mbaya, na hilo si dogo. Lakini fedha ya dawa itatoka wapi, nanyi mtakaa vipi wawili mkitazamana kuanzia asubuhi mpaka jioni, mmoja akiisubiri hofu na mwingine akimsubiri mwenzake aogope? Kuna hatari nyingine pia. Kila anapopiga simu nawe ukakimbia, anatulia, na pengine anajifunza kwamba aliyemwokoa ni kufika kwako, wakati huenda kidonge cha saa saba kingemtuliza hata ungechelewa. Ukiliacha wazi kama lilivyo, nako kuna gharama: moyo wako unagawanyika, wateja wanakukuta umetoka, na siku moja anaweza kuanguka akiwa peke yake. Kati ya hizo mbili kuna mipango ya muda ambayo haimfungi mtu: kumweka msichana dukani kuanzia saa tano hadi saa tisa, kupatana na mume wako kwamba utampigia wewe saa tano kamili kabla hofu haijafika, au kumwomba ndugu mmoja awepo nyumbani saa hizo kwa majuma machache. Na wewe mwenyewe, mama, unalala saa ngapi? Katika barua yako yote hukuandika hata sentensi moja kuhusu afya yako.

Ninachoomba ni kwamba uamuzi wa duka usifanywe kabla ya kliniki. Ikiwa dozi zitapangwa upya na simu zikapungua, utakuwa umenusurika kufunga kitu ambacho hakikuhitaji kufungwa. Ikiwa dozi zitapangwa upya na hofu ikabaki pale pale, basi mtajua kwamba inahitaji tiba yake yenyewe, na utakaa na mume wako mliamue jambo la duka pamoja, kwa maana hata yeye sijasikia kutoka kwako kama ndivyo anavyotaka. Nimesikia ya shemeji tu. Ukipata nafasi baada ya kliniki, tuandikie daktari alisema nini kuhusu zile saa.